Nimepewa tarehe ya kujipeleka gerezani Marekani. Nianzie wapi?

"Wakili, assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Houston mwaka wa kumi na tano sasa, na niliapa uraia wa Marekani mwaka 2016. Wakati wa Korona nilichukua mkopo wa serikali wa PPP, ule wa kulipia mishahara ya wafanyakazi, kwa kampuni yangu ndogo ya malori, nikaandika wafanyakazi ambao sikuwa nao. Nilikiri kosa. Jaji amenipa miezi 18 katika gereza la shirikisho, miaka 3 ya uangalizi nikitoka, na fidia. Hakunifunga siku ile. Amenipa tarehe ya kujisalimisha mwenyewe na zimebaki wiki tano. Barua ya kuniambia ni gereza gani haijafika. Nina kisukari na presha. Mke wangu anafanya kazi usiku, watoto wana miaka 6 na 13, na mama yuko Tanga, kodi na dawa zake zinanitegemea mimi. Kila mtu ana lake: mmoja anasema nitapigwa, mwingine anasema nitakaa theluthi mbili kama nyumbani, mjomba anasema nipande ndege nirudi. Silali. Siku nyingine natamani nilale nisiamke. Nibebe nini? Watoto niwaambie nini?"

Waaleikum salaam, kaka yangu. Nitakujibu la mizigo na la watoto, lakini naanza na sentensi uliyoipitisha haraka kabla ya maswali yako. Kutamani kulala usiamke si jambo la kuvumilia kiume. Wiki za kungoja tarehe huwaumiza wengi kuliko kifungo chenyewe, kwa sababu akili inafungwa kila usiku huku mwili uko nyumbani. Mwambie mkeo leo. Piga 988, namba ya msaada wa dharura wa afya ya akili Marekani nzima, saa yoyote, na unaweza kuomba mkalimani. Kama una silaha nyumbani, kwanza sheria hairuhusu mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa kuwa nayo, na pili itolewe leo hii. Halafu nenda kwa daktari wako umweleze habari za usingizi na mawazo hayo ana kwa ana. Dawa utakayoanzishwa sasa itaingia kwenye kumbukumbu zako za hospitali, na gerezani watakuwa na pa kuendelezea.

Sasa tuyaondoe maneno ya watu.

Hilo la theluthi mbili limetoka nyumbani. Tanzania na Kenya mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi moja ya kifungo, na Tanzania Rais hutoa msamaha siku za taifa kama 9 Desemba. Serikali ya shirikisho ya Marekani haina utaratibu huo, na kwa makosa yaliyotendeka kuanzia 1 Novemba 1987 haina hata parole. Kilichopo ni siku 54 za tabia njema kwa kila mwaka wa kifungo, mradi kifungo kizidi mwaka mmoja. Kwa miezi yako 18 ni siku 81. Kwa hiyo hesabu yako inaanzia miezi 15 na siku kadhaa, si 12.

Juu ya hapo kuna sheria ya First Step Act ya 2018. Kwa kila siku 30 unazoshiriki programu zilizokubaliwa unapata siku 10, na ukipimwa mara mbili mfululizo ukaonekana hatari yako ya kurudia kosa ni ndogo, zinakuwa 15. Siku hizo zinaweza kukutoa mapema kwenda kwenye uangalizi, au kukuhamishia nyumba ya mpito au kifungo cha nyumbani. Makosa ya ulaghai kama lako kwa kawaida hayazuiwi kupata siku hizi. Hazidondoki zenyewe, lakini. Lazima ujibu dodoso la mahitaji mara unapofika, na ujiandikishe kwenye madarasa. Nimeona watu wakikaa wiki nyingi bila kujaza dodoso kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wewe umeambiwa.

Kupigwa: nakuelewa unapoogopa, lakini picha uliyonayo ni ya magereza mengine. Idara ya Magereza ya Shirikisho hupanga watu kwa pointi: kosa, historia, umri, elimu, na kadhalika. Kujisalimisha mwenyewe kunakupunguzia pointi 3, na hiyo ndiyo thamani ya imani aliyokuonyesha jaji. Mtu wa kosa la fedha, asiye na rekodi wala historia ya vurugu, na ambaye ni raia, mara nyingi hupelekwa kambi ya ulinzi wa chini kabisa: mabweni ya vitanda vya ngazi, mara nyingine hata uzio hakuna. Wengi waliomo wanahesabu siku za kurudi kwa watoto wao, na ngumi moja ingewapeleka kwenye gereza zito zaidi. Ugomvi upo, siwezi kukudanganya. Ila chanzo chake karibu kila mara ni madeni, kamari, kiti cha mtu kwenye chumba cha televisheni, au mdomo. Usikope hata pakiti ya tambi, usicheze kamari, usibadili chaneli, usimuulize mtu kosa lake, na usihadithie la kwako.

Kuhusu mjomba, mwambie kwa heshima kwamba ushauri wake ungekuongezea miaka. Kutojisalimisha ni kosa jipya linalojitegemea. Kwa ulaghai ambao adhabu yake ya juu ni miaka 15 au zaidi, na huo wa kutumia mawasiliano ya kielektroniki ni 20, sheria inaruhusu hadi miaka 10 mingine, na inatumikiwa baada ya kile cha kwanza, si sambamba. Tanzania na Kenya zote zilirithi mkataba wa kurudishana wahalifu uliosainiwa na Uingereza na Marekani mwaka 1931. Na kama kuna ndugu aliyeweka dhamana yake kwa ajili yako, wewe ukipanda ndege yeye ndiye anayebaki na deni.

Barua kutofika kwa sasa si ajabu. Upangaji wote unafanyika ofisi moja iliyoko Grand Prairie, Texas, na taarifa inapitia kwa maafisa wa Marshal, yaani polisi wa mahakama za shirikisho, au afisa wako wa uangalizi. Lakini ikibaki wiki moja na bado kimya, usikae kungoja. Bila gereza lililotajwa, hukumu nyingi zinakutaka uripoti kwa Marshal mahakamani siku ya tarehe yako, na hapo unaweza kuishia jela ya kaunti na kuhamishwa kwa pingu, yaani kuanza kifungo chako kwa sehemu yake mbaya kuliko zote. Wakili wako anaweza kumwomba jaji asogeze tarehe hadi barua itoke. Ni ombi la kawaida kabisa, ila liingie mapema, si jioni ya mwisho.

Kwenye barua hiyo, au kwa Marshal, utapata namba yako ya usajili. Ni tarakimu nane, na tatu za mwisho zinaonyesha wilaya ya mahakama ilikotoka kesi. Mkeo aihifadhi. Bila hiyo hakuna fedha itakayokufikia, na barua na maombi ya kukutembelea yatachelewa.

Kuna karatasi moja watu hawaipi uzito nayo ndiyo inayoamua mengi: ripoti ya kabla ya hukumu, ile aliyoiandika afisa wa uangalizi baada ya kukuhoji. Gereza litakujua kupitia ripoti hiyo. Humo ndimo wanamoangalia magonjwa yako, dawa zako, elimu yako, anwani utakayorudi, na majina ya mke na watoto. Anwani ni muhimu, kwa kuwa sheria inawataka wakuweke, inapowezekana, ndani ya maili 500 za kuendesha gari kutoka nyumbani. Kama cheti chako cha kidato cha nne hakikuthibitishwa, utawekwa darasa la GED, yaani la kutafuta cheti cha kumaliza sekondari. Kama dawa ya presha haikuandikwa, utaanza kujieleza upya mlangoni. Isome tena na wakili wako, na makosa ayaombee marekebisho sasa. Lakini ripoti yenyewe usiibebe. Wafungwa wa shirikisho hawaruhusiwi kuwa nayo mkononi, na mtu akikuomba umwonyeshe "makaratasi" yako, jibu lako ni hilo hilo, kwamba hairuhusiwi.

Afya yako isipangwe wiki ya mwisho. Nenda kwa daktari upimwe sukari ya miezi mitatu, figo na macho, na upate barua moja fupi yenye majina ya magonjwa, dawa na vipimo vya dawa. Kama unatumia dawa ghali ya jina la kibiashara, muulize daktari kama kuna mbadala wa kawaida na uanze kuutumia ukiwa bado nyumbani, kwa sababu gereza lina orodha yake ya dawa na huenda likakubadilishia. Nenda kwa daktari wa meno pia. Jino linalouma gerezani linaweza kungoja muda mrefu sana, na kinachotolewa haraka mara nyingi ni kung'oa tu. Tengeneza miwani mipya. Siku ya kuripoti beba dawa zako kwenye chupa zake zenye lebo pamoja na barua ya daktari, ukijua kwamba chupa zinaweza kuchukuliwa na ukapewa za kwao. Mwambie muuguzi wa mapokezi saa ile ile kwamba una kisukari na ni lini ulikunywa dawa mara ya mwisho. Na daktari wa akili akikuuliza maswali, mwambie ukweli wa usiku zako, kama ulivyoniambia mimi.

Sasa la kubeba, na hapa mizigo ni midogo kuliko unavyodhani. Kitambulisho cha serikali. Nakala ya barua ya kupangiwa gereza na ya hukumu. Miwani. Pete ya ndoa isiyo na jiwe. Karatasi za daktari. Kwa kawaida yanaishia hapo, lakini kila gereza lina utaratibu wake, kwa hiyo piga simu idara ya mapokezi siku chache kabla uulize wanachopokea na saa wanayotaka ufike. Fedha ni rahisi zaidi kutumwa na mkeo baada ya wewe kuingia, kwa Western Union, MoneyGram au hundi ya posta inayopelekwa kituo cha Des Moines, Iowa, ikiwa na jina lako kamili na ile namba. Atume kidogo kidogo. Deni la fidia linalipwa hata ukiwa ndani, kuanzia dola 25 kila miezi mitatu, na wanaopanga kiasi hicho huangalia fedha zilizoingia kwenye akaunti yako miezi 6 iliyopita. Ndugu wakikumiminia michango kwa huruma, makato yatapanda. Kazi za ndani hulipa senti 12 hadi 40 kwa saa, kwa hiyo usizipigie hesabu ya kodi ya mama.

Utakapoingia, utavuliwa nguo zote na kukaguliwa, pamoja na kuchuchumaa na kukohoa. Nakwambia waziwazi kwa sababu mtu mzima mwenye staha zake akikutana na jambo hilo bila kuonywa huumia moyoni. Ni dakika chache, hufanyiwa kila mtu, na si dharau kwako binafsi. Kisha ni picha, alama za vidole, kipimo cha kifua kikuu, sare, blanketi, na kitanda, mara nyingi cha juu. Kama kisukari chako kimegusa miguu, omba kibali cha kitanda cha chini kwa muuguzi. Saa 10 jioni kuna hesabu ya kusimama: kila mtu amesimama kando ya kitanda chake, kimya kabisa, hadi maafisa wamalize. Anayeongea wakati huo anachelewesha chakula cha bweni zima, na bweni halisahau. Muone pia kasisi wa gereza mapema, hata kama wewe ni Mwislamu, kwani ndiye anayesimamia swala ya Ijumaa, orodha ya Ramadhani na chakula cha dini.

Jambo moja la simu nalitenga, kwa sababu ya mama. Simu za mkononi zilizoingizwa kwa siri zipo kambini, na mtu atakuja akukodishe moja umpigie mama WhatsApp. Kukutwa nayo ni kosa la daraja la juu kabisa, unapoteza siku za tabia njema na unaondolewa kambini. Usiiguse hata kuitazama saa. Simu halali ipo, inarekodiwa, inakatika kila baada ya dakika 15, na Kiswahili kinaruhusiwa. Kwenda Tanga ni ghali kuliko ndani ya Marekani. Usije ukampigia mkeo akakuunganisha na mama kwa simu ya pili. Kwetu ni jambo la upendo tu, lakini huko limekatazwa na utafungiwa simu. Mama apigiwe moja kwa moja, hata mara moja kwa mwezi, na aandikiwe barua. Simu yako inabaki nje na majina yote yaliyomo, kwa hiyo shika kichwani namba ya mkeo na ya mtu mwingine mmoja, na siku ile ile ya kuripoti mkeo akutumie barua yenye anwani na namba zote unazozihitaji.

Nyumbani ndiko kwenye kazi kubwa ya wiki hizi, na ndiko watu wanakokuacha wazi wakiwa wanababaika na habari za ngumi. Mpe mkeo hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji, ili aweze kusaini kwa niaba yako benki, kwenye malori, mkataba wa nyumba na kodi ya mapato. Ukishaingia, kumpata mthibitishaji kunaweza kuchukua wiki. Malori yasiyofanya kazi yauzwe au yasimamishiwe bima kwa utaratibu. Simu ihamishiwe jina lake, pamoja na nywila za kila akaunti zinazopokea ujumbe kwenye simu hiyo. Kama uko kwenye upatu na umeshapokea fungu lako, malizana na wenzako au mkabidhi mtu atakayelipa kwa jina lake, mbele yao. Usimwachie mkeo waje kumgongea mlango. Kama una mtoto mwingine unayemlipia matunzo kwa amri ya mahakama, omba punguzo kabla ya kuondoka, kwani sheria ya shirikisho hairuhusu malimbikizo kufutwa kwa kurudi nyuma, hata kama ulikuwa kifungoni. Na mkeo anayefanya kazi usiku anahitaji mtu wa kulala na watoto. Hilo lipange kwa jina la mtu na siku za wiki, si kwa "tutasaidiana".

Watoto waambie ukweli, na wakusikie wewe mwenyewe. Desturi yetu ni kusema baba amesafiri, na naijua nia yake. Lakini mwenye miaka 13 ana simu, na hukumu za mahakama za shirikisho zinasomeka na yeyote. Akilijua kwa mwanafunzi mwenzake atakuwa amepata majeraha mawili. Kaeni naye wawili, mwambie: nilidanganya serikali nikachukua fedha zisizo zangu, nimekiri, jaji amenipa adhabu, nitaondoka tarehe fulani, nitapiga simu, na mtakuja kunitembelea. Mwache akasirike. Wa miaka 6 anataka kujua mambo machache tu: baba yuko wapi, je yuko salama, je ni kosa langu, na nani atanichukua shuleni. Mwambie kwa wiki moja au mbili kabla, si miezi, na rudia kwamba si kosa lake. Usimwahidi tarehe ya kurudi ambayo bado haijahesabiwa rasmi. Mwalimu wa darasa la kila mmoja ajulishwe. Mama naye aambiwe na ndugu aliye karibu naye, akiwa ameketi, na siku ile ile aonyeshwe nani atatuma kodi na dawa.

Umeniambia wewe ni raia, na hilo linabadilisha mengi. Kosa ulilofanya baada ya kuapa, peke yake, halikuondolei uraia. Lakini najua jibu hili litasomwa na wengine, kwa hiyo nasema: mwenye kadi ya kijani tu, ambaye ulaghai wake ulisababisha hasara ya zaidi ya dola 10,000, anakabiliwa na kufukuzwa nchini. Kwa kawaida hapangiwi kambi, na akishapata amri ya mwisho ya kuondolewa hawezi kutumia zile siku za First Step Act. Huyo aonane na wakili wa uhamiaji ana kwa ana kabla ya tarehe yake. Makala haitamtosha.

Siku yenyewe usiende na gari lako peke yako. Apatikane ndugu mmoja mtulivu wa kukupeleka, ikibidi mlale karibu na gereza usiku wa kuamkia siku hiyo. Fika asubuhi, muda mrefu kabla ya saa ya mwisho iliyoandikwa, ili muuguzi akuone kabla zamu haijabadilika. Kula, kunywa dawa zako, agana na watoto nyumbani badala ya getini.

Kesho asubuhi, kabla ya yote haya, mpigie wakili wako umuulize mambo mawili: barua imefikia wapi, na kisukari na presha vimeandikwaje kwenye ripoti. Kisha mpigie daktari wako uombe nafasi wiki hii, na ukifika kwake usianze na sukari, anza na usingizi.